Rejista ya Darasa na Maumivu ya Msichana

Msichana wa shule akilalamika kwamba tumbo la chini linamkata kila mwezi, jibu apewalo Kimana halitofautiani na lile apewalo mwenziwe wa Kitengela: vumilia, ndio uanamke. Akizidi kulia huambiwa kwamba atapona akizaa. Kauli hii ya pili ni ya hatari, hasa katika kaunti ambayo ingali inapigana na ndoa za mapema, kwani humfanya mtoto auone uzazi kuwa dawa.

Yafaa ieleweke kwamba maumivu madogo ya siku moja au mbili za hedhi ni ya kawaida. Hata tarehe kupishana katika mwaka wa kwanza au wa pili baada ya kuvunja ungo si ajabu. Lakini maumivu yanayomlaza mtu asiweze kwenda darasani, au yanayoendelea hata hedhi ikishakatika, hayana budi kutafutiwa jina.

Jina lenyewe halipatikani upesi. Huenda ni maambukizi ya via vya uzazi, uvimbe wa fibroidi, hitilafu ya homoni, au endometriosisi, yaani tishu zinazofanana na utando wa ndani ya mji wa mimba kuota nje yake. Shirika la Afya Duniani lakadiria kwamba endometriosisi inawasibu wanawake na wasichana wapatao milioni 190, na kwamba baina ya dalili za kwanza na kutambuliwa kwa maradhi huweza kupita miaka 4 hadi 12. Mwalimu na apige hesabu: anayeanza kuumwa akiwa Gredi ya 7 huenda akamaliza chuo hajui anaugua nini.

Mtangazaji Njambi Koikai, aliyefariki Juni 2024, alieleza hadharani jinsi alivyoumwa tangu ujanani, maradhi yasijulikane kwa miaka mingi, hadi yakamfika mapafuni naye akaenda kutibiwa Atlanta, Marekani. Huyo alikuwa mtu mashuhuri wa Nairobi. Sembuse binti wa mkulima wa nyanya wa Kimana?

Niliwahi kumsindikiza binti wa jamaa yangu kutoka huko. Zahanati moja ya kibinafsi ilikuwa imempa dawa za taifodi mara tatu, na hakuna aliyemuuliza hedhi yake ya mwisho ilianza lini. Kila tulikokwenda, daktari mpya alianza upya, na mamake akapoteza siku nyingine ya soko.

Hapa ndipo nawageukia walimu. Rejista ya mahudhurio mnayoijaza kila asubuhi ni ushahidi. Msichana anayekosa siku mbili au tatu kila mwezi ameandikwa humo tayari. Kinachokosekana ni mtu wa kusoma. Mwalimu akigundua hilo, amwite faraghani, amshauri awe na daftari lake mwenyewe: hedhi ilianza na kukoma lini, alitumia sodo ngapi, panauma wapi, je, huumwa akienda haja? Kumbukumbu za miezi mitatu humpa daktari pa kuanzia. Daftari hilo ni siri ya msichana, si la kuzungushwa katika ofisi ya walimu. (Wanaume wenzangu wanaoona haya kutamka neno hedhi huku wakilifundisha katika sayansi wanishangaza.) Maumivu makali ya ghafla, homa au kuzirai havingoji daftari, apelekwe hospitali siku hiyo hiyo.

Nanyi wanafunzi, fahamuni kwamba altrasaundi isiyoonyesha kitu si hati ya kuwa mwasema uongo. Endometriosisi yaweza kukwepa picha hiyo, na wakati mwingine huthibitishwa kwa upasuaji wa tundu dogo.

Sheria ya 2017 iliagiza wasichana katika shule za umma wapewe sodo bila malipo. Ni jambo jema, ila sodo haitibu. Serikali ya Kaunti ya Kajiado itangaze siku maalumu za mwezi ambapo daktari wa magonjwa ya wanawake atawaona wasichana hospitalini Loitokitok, mzazi wa Kimana ajue apande gari lini.