Stika ya i7 Haichezi Gemu

Nimechoka na stika. Nimechoka kuulizwa na vijana, "Mbona mashine yangu inakwama na ni i7?" Leo nasema waziwazi: biashara ya kompyuta za gemu za bei nafuu pale Nairobi imesimama juu ya herufi moja na tarakimu moja, na anayeumia ni mwenye pesa kidogo kuliko wote. Tajiri akiuziwa takataka atanunua nyingine. Kijana aliyeweka akiba mwaka mzima, au mama aliyemkopea mwanawe pesa za chama, hana mara ya pili.

Tuanze na hiyo i7. Jina la Core i7 lilianza mwaka 2008. Kuna i7-2600 ya 2011, ina viini 4 na nyuzi 8. Kuna i3-12100F ya 2022, nayo ina viini 4 na nyuzi 8. Hiyo i3 inayodharauliwa inaiacha i7 ile mbali sana, kwa sababu katikati kuna miaka 11 ya uhandisi. Kizazi kimeandikwa hapo hapo kwenye namba: i7-2600 ni kizazi cha 2, i7-4770 ni cha 4, i3-12100F ni cha 12. Muuzaji anayekwambia "ni i7" halafu ananyamaza ni sawa na anayekuuzia gari kwa kusema "ni Toyota". Toyota ya mwaka gani, ndugu?

Hata ikiwa mpya, prosesa siyo inayochora gemu. Sisi tunaoandika programu tuna kanuni moja: kabla hujaongeza kasi, pima ujue kinachochelewesha ni nini. Basi tupime. Skrini ya kawaida ya 1920 kwa 1080 ina pikseli 2,073,600. Ukitaka picha 60 kwa sekunde, ni zaidi ya pikseli milioni 124 za kupaka rangi kila sekunde. Kazi hiyo ni ya kadi ya grafiki. Prosesa inaamua adui yuko wapi na risasi imempata nani, kisha inaipa kadi kazi ya kuchora. Kadi ikiwa dhaifu, prosesa ya bei mbaya itakaa ikingoja kama abiria kwenye matatu isiyojaa.

Na hapo kwenye kadi ndipo ujanja wa pili ulipo. "Hii ni ya 4GB!" GB nne za nini? Kuna GT 730 zenye 4GB na kuna GTX 1650 zenye 4GB. Ya kwanza ni jina la 2014, na kazi yake ni kuonyesha picha kwenye skrini ya ofisi. Ya pili ni ya 2019 na inacheza gemu kweli. Ukubwa wa kumbukumbu siyo nguvu. Ghala kubwa lenye mlango wa paka linakusaidia nini? Tazama GT 1030: ya 2017 ilikuwa na kumbukumbu ya GDDR5 inayopitisha takriban GB 48 kwa sekunde. Mwaka 2018 ikatoka nyingine yenye DDR4 inayopitisha takriban 17. Jina lile lile, 2GB zile zile! Na RX 580? Ile ya asili ya 2017 ina viini vidogo 2304. Kuna nyingine iliyotolewa China mwaka 2018, inaitwa RX 580 2048SP, na kama jina linavyosema ina 2048. Hiyo kwa kweli ni RX 570 iliyovaa koti la kaka yake. Muulize muuzaji ni ipi kati ya hizo mbili, kisha mtazame usoni.

Zipo pia kadi zilizochimba sarafu za kidijitali. Ethereum ilipoacha uchimbaji wa namna hiyo Septemba 2022, kadi nyingi zilimwagwa kwenye soko la mitumba. Sisemi usinunue mtumba. Nusu ya nchi hii imevaa mitumba na iko vizuri. Nasema usinunue mbuzi kwenye gunia. Kadi iwashwe mbele yako, ifunguliwe programu ya bure ya GPU-Z uone ndani ni nini hasa, kisha icheze gemu nusu saa. Muuzaji akikasirika, ameshakupa jibu.

Sasa kile kinachonipandisha presha: pawasaplai, lile sanduku la chuma linalopokea umeme wa ukutani. Mwambie muuzaji bajeti yako imebana, kitu cha kwanza kupunguza ni hiki. Atakupa kasha lenye taa za upinde wa mvua na ndani sanduku jepesi kama la biskuti, limeandikwa "700W". Usisome hiyo 700. Soma lebo ya pembeni, mstari wa volti 12, kwa sababu kadi na prosesa zinakula hapo. Zidisha ampea kwa 12. Ikiwa ampea ni 18, unapata wati 216. Hizo 700 nyingine ni za kwenye kalamu ya mchapishaji. Ryzen 5 5600 imekadiriwa wati 65 na RX 6600 wati 132. Pawasaplai ya kweli ya wati 500 inazibeba zote mbili bila jasho. Ile ya uongo ikilipuka inaweza kuondoka na mazabodi na kadi yako pamoja. Na umeme wetu tunaujua unavyopotea na kurudi kwa kishindo! Tena, ukiona kiswichi chekundu cha 115 na 230 nyuma yake, hakikisha kiko 230. Ukiwasha kikiwa 115 kwa umeme wa Kenya, utasikia mlio na harufu, basi.

Najua mtakaloniambia: "Si ununue tu mashine ya ex-UK ya ofisi uongeze kadi?" Hoja hii ina ukweli nusu. Kwa shule, ofisi na kujifunza kuandika programu, mashine hizo ni baraka. Kwa gemu, pima kwanza. Nyingi ni zile nyembamba, zenye pawasaplai ya wati 240 hivi, na kadi ya kawaida haiingii. Inatakiwa yenye kimo cha nusu, isiyohitaji waya wake wa umeme. Isitoshe, Microsoft waliacha kuihudumia Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 kwa prosesa za Intel inakubali rasmi kizazi cha 8 kuendelea. Gemu kama Valorant kwenye Windows 11 inadai TPM 2.0 na Secure Boot. Kwa hiyo ukienda njia hiyo, chukua kizazi cha 8 au zaidi, na kasha refu. Hiyo i7 ya kizazi cha 4 waachie wenye stika yao.

Utaratibu wangu ni huu, upinge ukiweza. Katika kila shilingi 100, weka 40 kwenye kadi na 10 kwenye pawasaplai kabla hujagusa kingine. Zinazobaki ndizo za prosesa ya viini 6, mazabodi ya kawaida, vijiti viwili vya RAM vya 8GB (viwili, siyo kimoja cha 16, ili data ipite njia mbili), na SSD. Kasha liwe la mwisho. Pesa za kadi hazipo? Chukua Ryzen 5 5600G, ambayo ina grafiki ndani yake, ucheze gemu nyepesi huku ukiweka akiba. Lakini kaa mbali na Intel zenye herufi F mwishoni: hizo bila kadi hazionyeshi hata picha moja.

Msidhani huu ni mzozo wa michezo ya watoto. Mashine inayochora gemu vizuri ndiyo inayochora Blender, ndiyo inayohariri video za harusi, ndiyo kijana atakayojifunzia kuunda gemu zake mwenyewe. Ukimuuzia stika humnyimi burudani tu, unamnyima karakana. Wahenga walisema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Ukiona "i7" inakuita kutoka mlangoni pa duka, uliza namba. Asipoitaja, shuka ngazi uende zako.