Kasi ya Kwenye Kisanduku na Kasi ya Diski

Mnunuzi aingiapo katika duka la kompyuta mjini Mbeya au Iringa huweza kuonyeshwa diski ngumu ambayo kisanduku chake kimepigwa chapa kwa herufi nene: SATA 6 Gb/s. Mara nyingi namba hiyo hutajwa kana kwamba ndiyo kasi ya diski. Sivyo, na gharama ya kosa hilo huwaangukia wenye fedha chache: shule, zahanati, vyama vya ushirika.

Namba hiyo ni sifa ya njia, si ya msafiri. Yaeleza ni biti ngapi zinazoweza kupita baina ya diski na kidhibiti, yaani kile kifaa cha ndani ya kompyuta kinachoiamuru diski na kuipokea data yake. Kwa kuwa katika njia hiyo kila baiti husafirishwa kwa biti 10 badala ya 8, biti bilioni 6 kwa sekunde ni sawa na megabaiti 600. Hakuna diski ya kawaida ya sahani inayokifikia kiwango hicho, isipokuwa kwa kitambo kidogo sana, pale data inapokuwa tayari katika kumbukumbu ndogo ya diski yenyewe. Hapo ndipo muuzaji anapoweza kujitetea.

Ndani ya diski, sahani ya sumaku huzunguka, tuseme, mara 7,200 kwa dakika. Data iliyoandikwa mfululizo kwenye ukingo wa nje husomwa kwa kiasi cha megabaiti 200 kwa sekunde. Karibu na kitovu, ambako duara ni fupi, kasi hushuka hadi karibu nusu. Taabu kubwa huanza pale data inapotawanyika. Kwa kila kipande, mkono wenye kichwa cha kusomea hauna budi kuhama, kazi ya milisekunde 8 au 9. Kisha husubiri sahani ilete mahali panapotakiwa, kwa wastani nusu mzunguko, milisekunde 4 na ushei. Hivyo diski husoma vipande takriban 80 tu kwa sekunde. Kipande kikiwa cha kilobaiti 4, jumla ni kilobaiti 320 kwa sekunde, chini ya sehemu moja kwa elfu ya ile ahadi ya kisanduku.

Dereva wa lori atokaye Dar es Salaam na shehena ya mbolea anaifahamu hesabu hii. Hata barabara nzima mpaka Mbeya ingepanuliwa, pale mlima Kitonga, kabla ya kufika Iringa, lori lake lingepanda kwa nguvu ya injini yake tu.

Na tuchukue kumbukumbu za shule zenye megabaiti 6,000. Kwa kasi ya kidhibiti zingenakiliwa kwa sekunde 10. Zikiwa faili moja lililopangwa vizuri, diski itatumia kama sekunde 40. Zikiwa vipande vidogo vilivyotawanyika kabisa, kuvisoma tu kutachukua zaidi ya saa 5. Mhasibu anayelalamika kwamba mashine imelala husema kweli, lakini fundi anayemshauri anunue kidhibiti cha kasi zaidi anampotosha. Dawa ni diski ya chipu, isiyo na kitu kinachozunguka. Hiyo husoma karibu megabaiti 550 kwa sekunde katika njia hiyo hiyo, na vipande vilivyotawanyika huifikia maelfu kwa maelfu.

Kuna nyakati ambapo kidhibiti ndicho kizuizi cha kweli. Diski ya chipu ikifungwa katika kompyuta kuukuu ya SATA ya kwanza, hubanwa na njia ya megabaiti 150. Diski ya nje ikichomekwa katika tundu la USB 2.0, haiwezi kuvuka megabaiti 60, na kwa kawaida hupata pungufu ya hapo. Diski nane zikishirikiana njia moja ya megabaiti 600, zitagombania nafasi. Ndiyo maana hapana budi kupima kwanza.

Kipimo chenyewe hakihitaji maabara: faili kubwa, folda ya faili ndogo nyingi, na saa ya mkononi. Jambo hili lingefaa kuwa zoezi la juma la kwanza kwa wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia Mbeya, kilichoanza mwaka 1986 kama chuo cha ufundi, na kwa walimu watarajiwa wa Mkwawa, Iringa, ambao kesho ndio watakaoulizwa na wakuu wa shule wanunue nini. Nazo hati za zabuni za halmashauri ziache kutaja kasi ya kiunganishi peke yake. Zidai kasi ya kusoma mfululizo na idadi ya vipande vilivyotawanyika kwa sekunde, vyote vipimwe kwenye mashine ile ile inayoletwa, mbele ya mpokeaji, kabla hundi haijatiwa sahihi.