Mkono Unaotetemeka Bado ni Mkono wa Mfanyakazi



Katika mikutano ya matawi yetu twazungumza sana juu ya mishahara, saa za kazi na kiinua mgongo. Ni haki yetu. Lakini liko jambo ambalo halimo katika mapatano yetu na waajiri, nalo ni maisha ya mwenzetu aliyestaafu, ambaye mkono wake umeanza kutetemeka, hatua zake zimekuwa fupi, na sauti yake imefifia mpaka watu wa nyumbani humwambia, "Sema kwa nguvu!" Sisi twasema kwamba mtu huyo bado ni mwenzetu, na kwamba aweza kuishi vizuri kwa miaka mingi akipata mambo matatu: dawa kwa saa yake, mazoezi ya mwili kila siku, na wenzake.

Ugonjwa wenyewe waitwa Parkinson, kwa jina la daktari James Parkinson wa London aliyeueleza katika kitabu chake cha mwaka 1817. Si uchawi, si laana, si ulevi, wala hauambukizi. Ndani ya ubongo mna chembe zinazotengeneza dopamini, kitu kinachosaidia ubongo kuongoza mwendo wa mwili. Chembe hizo zikifa polepole, mwili huwa kama mashine isiyotiwa mafuta: hukaza, hukawia, na mara nyingi mkono hutetemeka ukiwa umepumzika. Lakini si kila mgonjwa anayetetemeka. Wengine huanza kwa mwandiko kuwa mdogo, kuburura mguu mmoja, au pua kutosikia harufu. Huwapata zaidi watu waliofika miaka 60 na kupita, yaani wakati ule ule wa kustaafu. Kwa hiyo watu husema, "Ni uzee tu," na mzee huachwa akae kitini.

Hapo ndipo penye hasara. Wachunguzi walipita nyumba kwa nyumba katika wilaya ya Hai, huko Tanzania chini ya Mlima Kilimanjaro, na taarifa yao ilitolewa mwaka 2008. Katika watu 161,071 waliwakuta 33 wenye ugonjwa huu, na zaidi ya robo tatu yao hawakuwa wameambiwa na daktari yeyote wanaugua nini. Wazee wetu husema mficha maradhi kifo humuumbua. Watu hawa hawakuficha kitu, hakuna aliyewaambia.

Na dawa ipo. Yaitwa levodopa. Ilijaribiwa kwa wagonjwa mjini Vienna mwaka 1961, na hata leo ndiyo dawa kubwa ya ugonjwa huu. Haiuondoi, lakini humrudishia mtu sehemu ya mwendo wake. Yapasa mgonjwa na watu wa nyumbani wajue haya:

Kwanza, saa. Dawa humezwa saa zile zile kila siku, kama vile tulivyoitii king'ora cha kazi. Wengi huambiwa waimeze nusu saa kabla ya chakula, maana nyama, maharagwe na maziwa vyaweza kuizuia. Isikatwe ghafla kwa sababu yoyote, maana ni hatari.

Pili, kila daktari au muuguzi aambiwe habari ya ugonjwa huu kabla hajatoa dawa nyingine. Ziko dawa zinazouzidisha, kama metoclopramide inayotumiwa kuzuia kutapika.

Tatu, kuna wanaosema mbegu za upupu ni dawa ya ugonjwa huu. Ni kweli kwamba ndani yake mna levodopa, lakini huwezi kujua umemeza kiasi gani. Mtu asijitibu kwa upupu, wala asiuchanganye na vidonge vya hospitali.

Nne, mwili usiachwe ulale. Kutembea, kunyoosha viungo, kulima bustani ndogo, yote hayo ni sehemu ya matibabu. Wagonjwa wengine miguu hunata ghafla, hasa mlangoni. Usimvute wala usimpigie kelele. Mhesabie "moja, mbili, moja, mbili," au chora mstari sakafuni auvuke. Sisi tuliobeba mizigo mizito twalijua jambo hili. Mzigo haukuinuka kwa ukali wa nyapara. Uliinuka mtu mmoja alipoanza kuimba na wote wakafuata.

Tano, sauti. Asome gazeti kwa sauti kubwa, aimbe kanisani, asome kaswida, abishane na wenzake juu ya mpira. Sauti isiyotumiwa hupungua.

Tena kuna huzuni. Madaktari wasema huzuni yaweza kuwa sehemu ya ugonjwa wenyewe, nayo ina matibabu. Mtu asiambiwe kwamba ni mwoga. Muhammad Ali, bingwa wa ndondi, alijulishwa ugonjwa wake mwaka 1984. Mwaka 1996 aliwasha mwenge wa Olimpiki kule Atlanta mbele ya dunia nzima, mkono ukitetemeka. Hakuuficha mfukoni.

Sasa tuje kwenye fedha. Mfanyakazi wa mshahara hukatwa asilimia 2.75 kwa ajili ya SHA, iliyochukua kazi ya NHIF mwezi wa Oktoba 2024. Siku mshahara unapokoma, makato hayo nayo yakoma. Asiye na mshahara hukadiriwa kwa mapato ya nyumba yake, si chini ya shilingi 300 kwa mwezi, na hutakiwa kulipa ya mwaka mzima kwa pamoja. Mstaafu aliyekwisha gawa kiinua mgongo kwa karo na bati za nyumba atazipata wapi?

Wako watakaosema kwamba chama ni cha wanaolipa ada. Twawajibu hivi: mapatano mnayoyafurahia leo, likizo, posho ya nyumba, saa za ziada, ni nani aliyeyapigania? Ni hao hao ambao leo hawawezi kufunga vifungo vya shati. Walilipa ada yao kwa miaka 30, na wengine walilipa kwa kufukuzwa kazi.

Kwa hiyo twataka mambo matatu. Kila tawi liwe na daftari la wastaafu wake, na watu wawili wa kuwatembelea kila mwezi. Pale ambapo mzee hana mtu wa kumpeleka hospitali, tawi limtoe kijana mmoja wa kwenda naye, amsemee sauti yake isiposikika. Na katika mapatano yajayo tudai kwamba mwajiri amlipie kila anayestaafu mchango wa SHA wa mwaka wa kwanza. Kwa kiwango cha chini ni shilingi 3,600. Hakuna kampuni itakayofilisika kwa hizo.

Mkutano ujao wa tawi usianze kabla kila mwanachama hajaandikisha jina la mstaafu mmoja anayemjua, na kueleza ni lini alipomwona kwa macho yake mara ya mwisho.