KUULIZA SI UJINGA: NASAHA KWA WANAOTAKA KAZI YA KUPIMA PROGRAMU



Kila mwaka wanafunzi wetu wanaomaliza kidato cha nne na cha sita hutujia na swali lile lile: "Tusome nini katika kompyuta tupate kazi?" Wengi hutaja kuandika programu. Wachache hutaja kuzipima, na hao aghlabu hudhani ni kazi nyepesi ya mtu kukaa na orodha, kubonyeza vitufe na kutia alama ya vema. Sisi tunaona kuwa dhana hiyo ni kosa, na ni kosa lenye gharama kubwa.

Mpimaji ni nani?

Mpimaji huichunguza programu kabla haijawafikia watu, akitafuta pale inapokosea. Anahitajika kwa sababu ile ile inayomfanya mwanafunzi asitosheke kujisomea peke yake, bali akae mbele ya mwalimu asikilizwe. Msomaji husikia lile alilokusudia kulisoma. Mwalimu husikia lile lililotoka mdomoni. Mwandishi wa programu naye huona alichokusudia. Panatakiwa mtu wa kuona kilichopo.

Tuchukue mfano wa kutuma pesa kwa simu. Orodha inasema: tuma shilingi 10,000, hakikisha zimefika. Mpimaji wa orodha atatuma, zitafika, atatia alama na kwenda zake. Mwenye kufikiri ndipo kwanza anaanza. Je, mtandao ukikatika baada ya pesa kumtoka mtumaji na kabla hazijamfikia mpokeaji, ziko wapi? Mtu akibonyeza mara mbili kwa haraka, zitatoka mara mbili? Akiwa na 10,000 kamili, makato yatatoka wapi? Akiandika sifuri je? Maswali haya hayahitaji shahada. Yanahitaji mtu aliyezoea kudadisi.

Gharama ya kutouliza

Tarehe 4 Juni 1996, roketi ya Ulaya iitwayo Ariane 5 ilirushwa kwa mara ya kwanza kutoka Kourou, Guiana ya Ufaransa. Haikumaliza hata dakika moja. Iliacha njia na kulipuka. Sehemu ya programu ya kuiongoza ilikuwa imechukuliwa kutoka Ariane 4, ambako ilifanya kazi vizuri. Lakini roketi mpya ilikuwa na mwendo mkubwa zaidi, na namba moja ikazidi 32,767, kiwango cha mwisho cha nafasi iliyotengewa. Programu ikasimama. Sehemu ile haikuwa imejaribiwa kwa mwendo wa roketi mpya. Ilitosha kwao kwamba jana ilifanya kazi.

Hiyo ni mali. Kuna gharama ya watu pia. Nchini Uingereza, mwaka 1999 shirika la posta lilianza kutumia mfumo wa hesabu ulioitwa Horizon. Mfumo ukaonyesha upungufu wa fedha katika vituo vingi, na wasimamizi wa vituo wakasema hawakuchukua kitu. Hawakusadikiwa, iliyosadikiwa ni kompyuta. Hadi kufika mwaka 2015, watu zaidi ya 900 walikuwa wametiwa hatiani, baadhi yao wakafungwa jela. Mwaka 2019 Mahakama Kuu ilitamka kwamba mfumo ule ulikuwa na kasoro zilizoweza kuleta upungufu usiokuwepo, na mwaka 2024 Bunge likapitisha sheria ya kufuta hukumu za mamia yao kwa pamoja. Fikiria, ndugu msomaji: mtu mwaminifu anaitwa mwizi kwa miaka mingi kwa sababu wenye mamlaka hawakukubali kujiuliza, "Na ikiwa kompyuta ndiyo iliyokosea?"

Cheti peke yake hakitoshi

Wapo watakaosema, "Tutapata cheti." Ni vizuri. Cheti cha msingi cha ISTQB, taasisi ya kimataifa iliyoanzishwa mwaka 2002, kina mtihani wa maswali 40 ya kuchagua jibu, na anayepata 26 hufaulu. Humpa mtu istilahi na taratibu za kazi. Lakini katika mtihani maswali yameshaandaliwa. Kazini hakuna anayekuandalia. Kuyatafuta ndiyo kazi yenyewe.

Wengine watasema kuwa siku hizi kompyuta hujipima zenyewe, na akili mnemba huandika hata vipimo. Ni kweli. Lakini kipimo kibaya kikirudiwa mara elfu kitatoa jibu baya mara elfu. Bado anahitajika mtu wa kuuliza kama kinachopimwa ndicho kilichostahili kupimwa.

Na hapa tuseme ukweli hata kama unatugusa sisi wenyewe. Tumewalea vijana wetu katika kujibu zaidi kuliko kuuliza. Anayekariri vizuri tunampa zawadi. Anayeuliza sana tunamwita mbishi. Kisha tunashangaa akifika ofisini na kunyamaza.

Nini kifanyike?

Kwanza, kila mwenye nia ya kazi hii achukue programu moja ya simu na atafute njia tano za kuikosesha. Kila kosa aliandike daftarini: nimefanya nini, nilitarajia nini, nimepata nini.

Pili, ajifunze adabu ya kuuliza. Mpimaji hatafuti kumwaibisha mwandishi wa programu. Husema "hesabu hii haikutoka sawa," wala hasemi "wewe hujui kazi." Anayezungumza hivyo husikilizwa.

Tatu, awe na msimamo. Itafika siku mkubwa wa kazi atataka programu itoke kesho, naye anajua haijawa tayari. Siku hiyo ndipo atakapojulikana kama ni mpimaji au mtia alama tu.

Nne, walimu na wazazi wetu: mtoto akiuliza "umejuaje?", tusimkemee. Tumjibu, na pale tusipojua tutafute pamoja naye.

Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Lakini ufa haujitangazi. Sharti awepo wa kuutafuta. Tunatumaini miongoni mwenu, Inshallah, watatoka watu hao.

Wabillahi tawfiq.