Tazameni Migongo ya Watoto

Uti wa mgongo ukipinda kwenda kando kwa nyuzi 10 au zaidi kwenye picha ya eksirei, madaktari husema mtoto ana skoliosisi. Huwapata watoto wawili au watatu katika kila 100, na wengi hugundulika wakiwa na miaka 10 hadi 15, wakati wanaporefuka haraka. Kwa walio wengi chanzo hakijulikani. Si mkoba wa shule, si kukaa vibaya darasani, na wala si jirani mwenye kijicho.

Kinachotukera ni kuchelewa. Mgongo huo kwa kawaida hauumi mwanzoni, na sare ya shule huuficha. Mara nyingine wa kwanza kugutuka ni fundi cherehani, baada ya gauni kukataa kukaa sawa mabegani.

Na hapo muda ndio dawa. Mgongo ukiwa kati ya nyuzi 25 na 40, na mtoto bado anakua, mkanda mgumu wa plastiki unaweza kuuzuia usizidi kupinda. Utafiti wa Marekani na Kanada uliochapishwa mwaka 2013 ulionyesha kuwa kati ya waliovaa mkanda, asilimia 72 walimaliza kukua bila kufika nyuzi 50; kwa walioachwa wakiangaliwa tu, asilimia 48. Waliouvaa saa nyingi zaidi kwa siku walifaidika zaidi. Mtoto akishaacha kukua, mkanda hauna kazi tena. Mgongo uliovuka nyuzi 50 kwa kawaida huishia kwenye upasuaji wa vyuma na skrubu, na gharama yake si ya mkulima wala mama ntilie. Mafundi wa vifaa kama mkanda huo tunao: chuo cha TATCOT, Moshi, kinawafundisha tangu 1981.

Tunajua Uingereza haipimi migongo ya wanafunzi wote shuleni, na jopo la wataalamu wa Marekani lilisema mwaka 2018 kwamba ushahidi hautoshi kuunga mkono upimaji huo wala kuukataa. Hofu ya eksirei zisizo za lazima ina msingi. Lakini watoto wetu wengi humwona daktari wakishikwa na homa tu, na homa haivuliwi shati.

Hatuombi mashine. Tunaomba muuguzi au mwalimu wa kike kwa wasichana, chumba chenye mlango, na dakika moja kwa kila mwanafunzi wa darasa la tano hadi la saba. Mtoto asimame miguu pamoja, magoti yamenyooka, ainame mbele huku mikono ikining'inia. Mpimaji amtazame kwa nyuma. Upande mmoja wa mbavu ukiinuka kuliko wa pili, mpelekeni hospitali.

Na msimtishe njiani. Usain Bolt naye ana skoliosisi.