Tambroni 1960: Serikali ya mpito iliyoazima kura na kuiwasha moto Italia

MJADALA wa kumwezesha mpiga kura wa Italia kumchagua Waziri Mkuu moja kwa moja, uliopata msukumo Juni 2024 baada ya Seneti kupitisha muswada wa kubadili Katiba, uliibua tena swali la zamani: kwa nini serikali za nchi hiyo hazidumu? Tangu Jamhuri izaliwe mwaka 1946 hadi kufikia 2022, serikali zaidi ya 60 zilikuwa zimeundwa mjini Roma.

Wanaounga mkono mabadiliko husema kasoro ni ufupi wa muda. Hata hivyo, historia ya serikali ya Fernando Tambroni inaonyesha kuwa kuna jambo zito kuliko muda, nalo ni kura zinazoiweka serikali madarakani.

Mapema mwaka 1960, serikali ya Antonio Segni ilianguka baada ya chama cha Kiliberali kuondoa uungaji mkono wake. Chama tawala cha Demokrasia ya Kikristo (DC) kiligawanyika: wapo waliotaka kuwakaribia Wasoshalisti, na wapo waliolipinga wazo hilo katakata. Rais Giovanni Gronchi akamteua Tambroni, aliyekuwa Waziri wa Mambo ya Ndani kabla ya hapo, aunde serikali ya muda ya kupitisha bajeti na kuivusha nchi hadi baada ya Michezo ya Olimpiki ya Roma.

Kazi hiyo ilionekana ya kiutawala tu. Lakini Katiba ya Italia haitofautishi serikali ya muda na ya kudumu. Zote ni lazima zipate kura ya imani katika mabaraza yote mawili ya Bunge. Aprili 8, 1960, Tambroni alipata kura 300 dhidi ya 293. Ushindi huo mwembamba ulitokana na kura za MSI, chama kilichoanzishwa mwaka 1946 na wafuasi wa utawala wa Benito Mussolini.

Wahenga walisema nguo ya kuazima haisitiri maungo. Mawaziri watatu wa DC walijiuzulu kupinga msaada huo, na Tambroni mwenyewe akawasilisha barua ya kujiuzulu. Amintore Fanfani alijaribu kuunda serikali nyingine akashindwa, na Rais akamrudisha Tambroni akaombe imani ya Seneti.

Deni la kura hizo lilidhihirika kiangazi hicho. MSI ilipanga kufanya mkutano wake mkuu Genoa, mji ambao Aprili 1945 wapiganaji wa ukombozi waliwalazimisha Wajerumani kusalimu amri. Juni 30, 1960, wafanyakazi, wapiganaji wa zamani na vijana walifurika mitaani na kupambana na polisi. Mkutano ukafutwa, lakini maandamano yakasambaa. Julai 7, polisi waliwapiga risasi na kuwaua waandamanaji watano Reggio Emilia. Watu wengine waliuawa katika miji ya Sicily.

Julai 19, Tambroni alijiuzulu. Serikali yake haikufikisha hata miezi minne.

Fanfani alichukua nafasi yake akiungwa mkono na vyama vya kati, huku Wasoshalisti wakijizuia kupiga kura. Desemba 1963, Wasoshalisti waliingia rasmi katika serikali ya Aldo Moro. Kwa maneno mengine, serikali iliyoundwa ili kuahirisha uamuzi mgumu ndiyo iliyouharakisha: baada ya Genoa, njia ya DC kuelekea kulia ilikuwa imefungwa kwa miaka mingi.

Nyakati hubadilika. Oktoba 2022, Giorgia Meloni, ambaye chama chake kina mizizi katika MSI, aliapishwa kuwa Waziri Mkuu baada ya muungano wake kushinda uchaguzi. Tofauti ni kwamba wapiga kura walijua mapema nani anashirikiana na nani. Mwaka 1960, ushirika ulifungwa bungeni baada ya uchaguzi, chini ya kivuli cha serikali ya muda.

Hilo ndilo funzo la Tambroni kwa wanaotaka kurekebisha Katiba. Serikali inaweza kupunguziwa muda na majukumu, lakini haiwezi kukwepa kuulizwa imesimama juu ya mabega ya nani. Isipolijibu swali hilo bungeni, hulijibu barabarani, na gharama yake huwa ni maisha ya watu.