Anayeuza Kinga Atuonyeshe Ushahidi

AFYA YETU
Na Mwanaidi Kombo

Vidonge vya probiotiki, yaani bakteria hai wenye manufaa, vimejaa madukani, na makopo mengi yameandikwa kuwa "huimarisha kinga ya mwili". Kabla hujatoa fedha, sikiliza yaliyotokea Mwanza.

Mwaka 2004, kina mama wa Mabatini, wakishirikiana na Chuo Kikuu cha Western cha Kanada, walianza kutengeneza mtindi uliotiwa bakteria aina ya Lactobacillus rhamnosus GR-1. Wakauita Fiti. Watu wanaoishi na VVU waliokuwa wakiunywa walipofuatiliwa, CD4 zao, yaani chembe za kinga zinazoshambuliwa na VVU, zilionekana kupanda.

Watafiti wangeweza kushangilia na kuishia hapo. Badala yake walifanya jaribio gumu zaidi, papo hapo Mwanza. Wanawake 65 wenye VVU ambao walikuwa hawajaanza dawa za ARV waligawanywa kwa bahati nasibu: wengine wakapewa vidonge vyenye bakteria huyo pamoja na mwenzake, wengine vidonge vitupu, bila kuambiwa nani kapata kipi. Baada ya wiki 25, CD4 za makundi hayo hazikutofautiana.

Mtindi ule haukuwa bure. Ni chakula bora, na uliwapa kina mama kipato. Ila chakula bora ni jambo moja, na kupandisha kinga ni jambo jingine linalohitaji ushahidi wake.

Bakteria hawa wana kazi zao. Baadhi ya aina zimeonekana kupunguza kuharisha kunakoletwa na antibiotiki. Lakini sifa ya aina moja hairithiwi na nyingine, na "asilia" si sawa na "salama kwa kila mtu". Mwaka 2023, mamlaka ya dawa ya Marekani, FDA, ilitoa onyo kuhusu kuwapa probiotiki watoto njiti hospitalini, baada ya kifo cha mtoto mmoja.

Kwa hiyo muulize muuzaji: ni bakteria wa aina gani hasa, wako wangapi hadi siku ya mwisho ya matumizi, na wamethibitishwa kwa tatizo lipi? Akikosa jibu, okoa fedha zako. Nazo mamlaka zetu zisiruhusu neno "kinga" liandikwe kwenye kopo bila uthibitisho, kwa sababu wanaolisoma kwa matumaini makubwa ni wagonjwa. Na wewe unayetumia ARV, mtindi kunywa, lakini dozi yako usiiache hata siku moja.